Wakwe Wanakuja Kuona Shamba, na Shamba Lenyewe Ni Mabeseni Sita

Shangazi Jeruto mpendwa,

Naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Februari, kwa sababu siku hiyo baba wa mchumba wangu Sellah, Mzee Walubengo, anakuja kutoka Tongaren na wazee wanne kuona shamba langu, na mimi Shangazi sina shamba, nina mabeseni sita.

Mimi ni karani hapa Kitale, nimepanga chumba kimoja chenye veranda, na mwaka jana nilisikia redioni kwamba mboga inaweza kumea kwenye maji bila udongo, nikacheka, halafu nikajaribu. Nilijaza mabeseni maji, nikayafunika kwa mbao zenye matundu, kila mche nikaushikisha kwa kipande cha godoro kuukuu, mizizi ikaning'inia nusu majini nusu hewani, na asubuhi na jioni nakoroga maji kwa mwiko ili mizizi ivute hewa, majirani wanapita wakiniuliza ugali utaiva lini. Miche ya kwanza niliiua mwenyewe, maana nilitia mbolea ya kupandia mahindi, kifuniko kimoja cha soda kwa kila tundu vile baba alinifundisha, na kwa siku tatu ikaungua yote. Sasa natumia ile mbolea ya kuyeyusha, kidogo tu, na sukuma wiki yangu imenawiri mpaka mimi naogea kwa kikombe kwa kuwa sina beseni lililobaki.

Shida ilianza Januari nilipoenda kwa kina Sellah kujitambulisha, nikiwa na mjomba wangu na kikapu kilichojaa sukuma, mama yake akapiga vigelegele, akasema tangu Krismasi anainunua sokoni tena iliyonyauka, na Mzee Walubengo akaniuliza, “Hii sukuma umetoa wapi, na huku kwetu hata panya imehama juu ya kiangazi?” Nikasema nimepanda mwenyewe. “Kumbe shamba yako iko kando ya mto?” Nikasema, “Maji haikosi, baba.” Akauliza ni ekari ngapi, na kabla sijafungua mdomo mjomba akadakia, “Huyu kijana bado anapanua, mzee.” Shangazi, hakuna neno la uongo hapo, lakini mzee alifurahi sana, akasema atakuja kuikanyaga kwa miguu yake kabla ya mambo ya ng'ombe wa mahari kuzungumzwa.

Rafiki yangu Kiplagat ana ekari tano Kachibora, ameniambia, “Si ulete hao wazee kwangu bana, useme ni yako, mimi nitakuwa kibarua.” Ati Ijumaa jioni tuhamishe sukuma kutoka kwenye mabeseni tuipande mstari wa mbele. Sellah mwenyewe hajui kitu, anawasimulia wenzake wa kwaya kwamba anaolewa kwenye shamba la kando ya mto, na mimi nampenda huyu msichana mpaka chakula hakipiti, naogopa nikisema ukweli nitamkosa, na nikidanganya nitamwogopa kila mgeni maisha yangu yote. Nifanye nini?

Mwenye Mabeseni, Kitale

---

Mwenye Mabeseni,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nilishindwa kumaliza kwa kucheka. Pole. Lakini pole yangu ni ndogo, kwa sababu haya umejitakia. Unasema hukusema uongo? Ulidanganya kwa mdomo wa mjomba, ukakaa hapo ukinywa chai ya watu.

Tuje kwa akili ya Kiplagat. Mche uliodekezwa majini, ukiupanda kwenye vumbi la Kachibora mwezi wa Februari, utakuwa umelala chini kabla wageni hawajakaribishwa viti. Na Mzee Walubengo amelima mahindi miaka yote hiyo. Ataokota bonge la udongo akuulize msimu uliopita ulipanda nini hapa, mpaka uko wapi, na mbona mbwa wa boma anakubwekea wewe na kumfuata kibarua. Utajibu nini? Njia ya mwongo ni fupi, ndugu yangu, na hii yako inaishia langoni.

Kinachonikasirisha ni Sellah. Umemwambia Kiplagat, umeniambia mimi nisiyekujua hata sura, na yule utakayeishi naye umemwacha ajisifu kanisani kwa mto usiokuwepo. Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, na ni kesho. Mlete verandani mchana, umfunulie mabeseni. Akicheka, cheka naye. Akikasirika, usijitetee.

Halafu mjomba. Kwa kuwa ndiye aliyelipanua shamba kwa maneno, yeye ndiye atakayefunga safari ya Tongaren wiki hii alipunguze. Amwambie mzee wazi: kijana hana hata robo ekari, ana mshahara, ana chumba, ana mabeseni sita, na anaomba msamaha. Wewe baki nyumbani, mambo ya ukweni hayasemwi na anayeoa.

Lakini mjomba asiende mikono mitupu. Abebe beseni moja, sukuma ikiwa imesimama, na alikabidhi kwa mama Sellah, si kwa mzee. Mama huyo ana mume mwenye shamba, na kila kiangazi ananunua mboga iliyonyauka. Ataelewa beseni kabla mumewe hajamaliza kukunja uso. Mwandikie kipimo cha mbolea kwenye karatasi, na chini yake andika kwa herufi kubwa: SI KIFUNIKO CHA SODA. Hao ni watu wa mahindi kama baba yako, wataiunguza.

Mzee akikataa, utalia, na utapona. Akikubali, tarehe kumi na tisa wapokee wazee hapo hapo kwako, uazime viti, na uwaambie mapema kwamba hapa hakuna kukanyaga.

Mimi leo sikufua. Beseni langu nimelitafutia mbao, na godoro kuukuu ninalo. Kwa hiyo ukiniandikia tena usiniletee machozi, niletee kipimo hicho cha mbolea na tarehe ya harusi.

Shangazi Jeruto