Taarifa ya Redio Punda

Mwagulila, Segese
4 Julai 1976

Kaka Masele,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila goti la mama linamsumbua kwa safari za kuteka maji bondeni. Na kifua chako je, na vumbi la pamba huko kiwandani?

Ile taarifa ya mzaha uliyoniandikia, ya Redio Punda, niliwasomea vijana ghalani, wakisubiri pamba yao ipimwe. Unajua ninavyoona haya mbele ya watu, lakini nikisoma maneno yako sauti inatoka. Pale uliposema kisima kipya kitachimbwa chini ya kitanda cha mwenyekiti, ateke amelala, Donatus alicheka hadi akaanguka juu ya magunia.

Kesho yake ukawa mkutano wa kisima. Hakwenda kijana hata mmoja. "Tukafanye nini? Taarifa tumeshaisikia," walisema. Mimi pia sikwenda.

Jana vigingi vya kisima vilipigwa nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Kaka, si ulikuwa unatania?

Mdogo wako,
Limi

Shinyanga mjini
19 Julai 1976

Limi,

Marahaba. Nakohoa kidogo tu. Msalimie mama, mwangaluka, na umwambie achue goti kwa samli.

Nilitania. Wenyeviti ndivyo walivyo, basi tuwacheke, siasa haina kingine. Nakutumia taarifa mpya: vigingi vimeomba kadi ya chama. Donatus atazimia.

Kaka yako,
Masele

Mwagulila
8 Agosti 1976

Kaka,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua? Goti la mama limevimba.

Jana uliitishwa mkutano wa kupitisha kisima. Nilikwenda ghalani bila karatasi, nikasema, "Leo hakuna taarifa. Twendeni tukanyooshe mikono, kisima kiwe shuleni, katikati ya kijiji." Wakacheka, wakadhani ndiyo taarifa yenyewe. Donatus akalia kama punda. Walinifuata sita tu, waone mzaha utaishia wapi.

Mkutanoni nikasimama. Wale sita wakacheka kabla sijafungua mdomo. Nikasema hivyo hivyo. Mwenyekiti akauliza, "Nani yuko na huyu binti?" Donatus akanitazama, akaacha kucheka, akanyoosha mkono.

Mikono ilipohesabiwa, tulikuwa arobaini na mmoja. Wao arobaini na wanne. Vijana waliobaki ghalani tuliwasikia wakicheka mpaka pale mkutanoni.

Taarifa yako ya vigingi ninayo, sijamsomea mtu. Ukija likizo uisome mwenyewe. Mngoje mama arudi bondeni, atue ndoo, ndipo uanze.

Mdogo wako,
Limi