Maganda Niliyokupa Wiki ya Mvua

Mdogo wangu Zuhura,

Mama bado anateka maji kwenye kisima chetu hapa Chanika, na ndoo zake bado zina yale madoa mekundu uliyokuwa ukiyakwaruza kwa ukucha. Wa kuuliza yanatoka wapi ndiye hayupo.

Kuna jambo nililopaswa kukuambia ukiwa hai. Nalisema sasa, tena mbele za watu, kwa sababu waliokuja msibani walinisifu kwamba nilikuwa kaka aliyekusaidia masomo. Niliitikia tu, nikaangalia chini.

Ulianza kwa kuja kwenye meza yangu ya juisi pale stendi, umeshika kiroba kitupu.

"Braza, maganda ya machungwa unayatupaga wapi?"

"Jalalani. Kwani unafuga mbuzi siku hizi?"

"Nataka kutengeneza mkaa."

"Mkaa wa maganda utachoma nini?"

"Mshikaki wa sisimizi."

Wateja wakacheka. Halafu ukakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ukanieleza taratibu, maana unajua niliishia darasa la saba. Kule chuoni mnayatia maganda na maji kwenye chombo kinachofungwa kabisa, mnakiweka kwenye oveni saa nyingi, hadi maji yanakuwa kama chai ya rangi. Mkishachuja, ndani yake zinabaki chembe za kaboni ndogo mno, hata ile hadubini ya shuleni haizioni. Wengine wanazitengeneza kwa kemikali zinazotokana na mafuta ya petroli, ukasema, lakini sie tuna maganda, na mchungwa uliochumwa leo msimu ujao unazaa tena.

Sikukuamini mpaka Jumamosi ile mchana ulipokuja na kichupa, na tochi ya kukagulia noti uliyoiazima kwa wakala. Ulimvua mama kanga ya mabegani, tukajifunika wote wawili. Ukawasha. Yale maji ya rangi ya chai yakatoa mwanga wa buluu.

"Mama, mwanao amekuwa mchawi!" nikapiga kelele.

"Tokeni humo, mtanichania kanga yangu."

Ukaniambia humo humo gizani kwamba chembe zile zikikutana na chuma hufifia, na kwamba siku moja zitamwonyesha mama kilichomo kisimani mwake. Ulikuwa unanukia machungwa hata nywele.

Sharti lako lilikuwa moja. Maganda yawe ya mezani kwangu tu, niyaoshe, niyaanike kwenye turubai safi, nisichanganye na ya mtu. Nililishika vizuri, Zuhura. Nililishika hadi ile wiki ya mvua, ambayo watu walitaka chai, hakuna aliyetaka juisi. Ijumaa nilikuwa na maganda yasiyofika hata robo ya kiroba, na wewe ulikuwa unayafuata kesho yake. Jirani yangu wa meza akaniambia, "Chukua ya kwangu, bwana. Maganda si maganda?" Ya kwake yalikuwa kwenye pipa lililoliwa na kutu, yameloa maji mekundu. Niliyasuuza juu juu, nikajaza kiroba, nikafunga.

Uliondoka nacho umekipakata kama mtoto. "Ahsante kaka, bila wewe ningekwama."

Maji ya kiroba kile hayakuwaka. Ukarudia, hayakuwaka. Ukarudia tena. Jumapili moja ulikuja stendi, hukuleta hata utani, ukanyoosha vidole vyako mbele yangu. "Sijui nakosea wapi, kaka. Hii mikono yangu ina nini?"

Nilikuwa nakata machungwa. Nikasema, "Pumzika kwanza, utapata tu."

Basi. Niliona haya kusema. Nikajiambia kiroba kitaisha, nitakupa kingine kisafi, na mambo yatanyooka bila wewe kujua. Kiroba hakijaisha, homa ikaja, na ndani ya siku nne tukakuzika.

Baada ya arobaini mama alinituma chuoni nikachukue vitu vyako. Mwalimu wako alinipa koti lako jeupe, kisha akanifungulia daftari lako la maabara. Lenyewe linabaki kule, lakini alitaka nione mwandiko wako. Kwenye kurasa za mwisho, siku baada ya siku, umeandika: "Hayawaki. Kosa ni langu."

Nilimwambia yote pale pale, nimesimama. Akauliza, "Yalikaa kwenye kutu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi huenda chembe zake zilikuwepo, chuma ndicho kilichozizima. Kile alichotaka zifanye, zilikuwa zinakifanya mbele ya macho yake."

Ungeruka, Zuhura. Ungenitukana kwanza, halafu ungeruka. Ilihitaji sentensi moja kutoka kwangu.

Mwalimu akanipa kalamu, akasema niandike ukweli mle. Mie nikaanza kuyachorachora maneno yako yasionekane kabisa. Akanishika mkono. "Hapa hatufuti. Piga mstari mmoja, kilichoandikwa kwanza kiendelee kusomeka."

Nikapiga mstari mmoja juu ya "Kosa ni langu" ya mwisho. Chini yake nikaandika: "Maganda yalitoka kwenye pipa la kutu. Niliyaleta mimi, kaka yake, nikanyamaza."

Mstari umepinda. Maneno yako bado yanasomeka chini yake, na mtu yeyote atakayefungua daftari lile ataanza kwa kuyasoma hayo.

Mungu akutunze kuliko nilivyokutunza.

Kaka yako