Ngumi ya Ulyana

Lida, bado niko ukumbini. Sijui hata najisikiaje.

Nimefika mazoezini, namkuta Ulyana, Ulyana wangu, mwenzangu wa badminton ya wawili wawili, anacheza upande mmoja na yule binti mgeni kutoka Omsk. Kocha ananiambia, "Tasya mwanangu, leo pumzika. Goti si linakusumbua?"

Goti liliniuma mwaka juzi, Lida.

Nikakaa kwenye benchi, nyuma yao.

Ulyana anataka kuanzisha, akaficha mkono mgongoni, akafumba ngumi. Ngumi. Ishara tuliyoibuni sisi wawili kwenye treni ya kwenda Saratov: napiga juu, mwenzangu hama kushoto.

Binti akahama kushoto.

Na mimi pale kwenye benchi nikahama kushoto.

Gleb, yule mkandaji wa timu, akaniangalia. "Unampisha nani?"

Nikamwambia simpishi mtu. Lakini sijarudi nilipokuwa.