Jibu Nililompa Rehema

Jumamosi, 8 Machi. Manyunyu tangu asubuhi.

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mama yako hajambo, na mjomba wako amehamishia duka lake Kariakoo. Umeniuliza kama ukubali kazi uliyopata huko ng'ambo baada ya kuhitimu, au urudi nyumbani.

Rafiki yangu Rehema aliwahi kuniuliza hivyohivyo, tukiwa wasichana. Yeye alikwenda kusoma Ulaya. Mimi baba alinikatalia. Alipohitimu akapewa kazi maabara, akaniandikia, "Shoga, nibaki?" Mama yake alikuwa akitamba mtaa mzima wa Ilala, "Mwanangu ana ofisi Ulaya, nyie!" Mimi nikamjibu kwamba mama yake anadhoofika kwa kumlilia.

Akarudi. Alimkuta mama yake ana afya tele, akaulizwa mlangoni, "Vipi, wamekufukuza?"

Rehema hakuwahi kunigombeza. Siku hizi anauza vitenge Kariakoo, na nikipita yeye huwaambia wateja, "Muoneni shoga yangu aliyenirudisha nyumbani!" Wao hucheka. Mimi hujifanya nachagua kitambaa.

Salma, picha ya barua yako ya kazi imenitia wivu uleule, na uzee wangu huu. Leo asubuhi nilianza kukuandikia kwamba mguu wangu umezidi kuniuma, uje uniuguze. Nimeichana karatasi hiyo. Mguu wangu ni mzima, natembea nao mpaka Posta na kurudi. Kama kazi hiyo unaitaka, ichukue.

Saa nne na nusu usiku. Naenda kulala.

Bibi yako