Shangazi Fusae Kaenda Kuangalia Majani

Chizuru uko wapi?? Nimejifungia chooni mgahawani Aoyama. Sitoki.

Unamjua Shangazi Fusae. Kila mwaka majani yakigeuka rangi anaziba pua, eti kokwa za ile miti ya ginko zinanuka mavi. Leo eti, "Minori, twende tukaone ile barabara ya miti." Na kavaa lulu! Nikajua hapa kuna jambo.

Tumefika, miti yote njano, watu wanapigana vikumbo kwa picha. Yeye hatazami hata mti mmoja, anatazama watu tu. Mara: "Ee! Bwana Kuwabara! Bahati iliyoje!"

Bahati gani shoga, mzee wa watu kashika zawadi imefungwa kitambaa cha hariri! Na pembeni yake mwanawe, suti imenyooka. Nikasema haya, leo nimeuzwa.

Tukaingia mgahawani wote wanne, nikavumilia mpaka chai ikaletwa. Shangazi akaanza, "Huyu Minori wangu anajua kupika..."

Nikalipuka. "Shangazi, sikuomba kutafutiwa mume! Na huyu simtaki!"

Mgahawa mzima ukanigeukia, Chizuru.

Yule kijana akaniinamia, kicheko kimembana. "Dada, mimi nina mke. Mimi na wewe tumeletwa kuwasindikiza."

Kuwasindikiza nani?? Nikageuka. Shangazi alikuwa anamtoa Bwana Kuwabara jani la ginko begani. Taratibuuu. Uso mwekundu kama msichana.

Nikakimbilia huku.

Ngoja, anagonga mlango.

Anasema, "Toka, mwanangu. Bwana Kuwabara anataka kuniposa, nami nimemwambia akuombe ruhusa wewe kwanza."