Unga Wangu Ulijaa Sado

Jumatano. Joto la leo linakufuata mpaka kivulini, na vumbi la barabara limeniingia hadi kwenye chai.

Katika maisha yangu yote hajatokea mtu wa kunipunja kipimo. Lita, debe, sado, kikombe, mimi navibadilisha kichwani kabla muuzaji hajafunga mdomo.

Uongo huo. Shule niliiacha darasa la nne, na mwezi uliopita tu nimeuziwa "lita moja" ya mafuta ya alizeti kwenye chupa iliyobonyezwa tumbo. Lakini sado naijua. Sado ni kopo la rangi la lita nne. Sado tano zinajaza debe la lita ishirini. Hapo hata profesa hanibabaishi.

Ndiyo maana jambo la juzi limeninyima usingizi.

Juzi tulimzika Mama Nyanzala, jirani yangu. Huku Kharumwa mtu akifa, nzengo nzima, yaani kaya zote za jirani, inachanga: kila kaya dumu la maji na sado moja ya unga, ili wageni wa msiba wale. Nilipima unga wangu kwa sado yangu, nikaufuta juu kwa fimbo ukalala sawa kama meza, nikautia kwenye mfuko, nikaupeleka.

Anayepokea unga ni mzee mwenzangu. Nitamwita Masanja, maana kina Masanja huku ni wengi kuliko mbuzi. Akaumimina unga wangu kwenye sado ya nzengo, kama anavyofanya kwa kila mtu. Haukufika mdomoni. Ukabaki chini, vidole viwili vizima.

"Guku, sado yako imekonda!" akapaza sauti kijana mmoja. Guku ndiyo babu kwa Kisukuma chetu, na siku hiyo sikulipenda jina hilo.

Kina mama wakacheka, msibani pale pale. Nadhani hata Mama Nyanzala alicheka huko alikolala. Alikuwa na mdomo yule.

Masanja hakucheka. Alisema, "Mzee, hata kwa marehemu?" Kisha akatangaza kwamba suala langu litazungumzwa kwenye kikao cha Jumapili.

Nieleze kwa nini mimi pia sikucheka. Nzengo ikikuona unapunja misiba ya wenzako, inakutenga. Ukitengwa, siku yako ikifika hakuna anayekuja na jembe. Mke wangu ametangulia. Wanangu wako Geita, wanaifukuza dhahabu isiyosimama. Na kikohozi changu siku hizi kinaongea kama mtu mzima.

Nani atanichimbia?

Nikaanza kushuku kila kitu. Niliwashuku panya, lakini mfuko haukuwa na tundu. Nikaishuku sado yangu mwenyewe. Nikachukua chupa ya maji, ile ya nusu lita, nikaanza kuijaza sado. Chupa ya nane ikafika mdomoni, wala tone halikumwagika. Nane za nusu ni lita nne. Nikarudia, kwa sababu chupa nayo nilishaanza kuishuku. Nane tena.

Ikabaki sado ya Masanja.

Leo asubuhi nikaenda kwake nikijua hayupo, chupa yangu ndani ya koti. Mama Limi, mkewe, alikuwa uani anaosha vyombo vya msiba.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Nimekuja kukusaidia kuosha."

Akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe anapiga pasi. "Wewe? Kikombe chako mwenyewe kinaota ukungu."

"Ndiyo nimekuja kujifunza."

Akanipa ile sado, ila macho hakuniondolea. Nikaanza kumimina. Chupa ya saba. Ya nane. Maji yako chini bado! Ya tisa. Ya kumi ndiyo ikafika mdomoni.

Lita tano.

Kwa nje ni kopo jeupe kama mengine, ila tumbo lake pana. Kwa sado hiyo debe linajazwa na nne, siyo tano. Nilitaka kucheza, magoti yakakataa. Hapo nikasikia mtu nyuma yangu.

"Unafanya nini na sado ya watu?" Alikuwa Masanja.

"Naiosha."

"Kwa chupa?"

"Ni chafu sana."

Mama Limi akakumbuka ghafla kwamba ana kazi jikoni. Masanja akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akaongea kwa sauti ya chini. Msiba uliotangulia huu, wageni kutoka Bukombe walilala njaa, ugali uliisha. Aliomba kikao kiongeze mchango, kikao kikakataa.

"Na nani alisimama akasema sado ni sado, asiyeshiba akale kwao?" akaniuliza.

Nilikohoa.

Basi kopo la zamani lilipopasuka, akanunua la lita tano akanyamaza. Hakuna aliyegundua. Kina mama wote huleta unga wa kulundika, kilima juu ya kopo, na kilima chenyewe ndiyo ile lita ya tano. Nzengo nzima, aliyefuta kwa fimbo ni mmoja.

Sijui kama nimwamini. Kuku wake wamenenepa, nimewaona. Na kwa Mama Nyanzala unga ulibaki, ulikwenda wapi? Anasema aliwaachia wafiwa. Kesho nitapita kwa wafiwa. Kusalimia tu.

Aliniomba nisimwambie mtu. Ikijulikana, watu watarudi kwenye lita nne, wageni watalala njaa tena, na atakayetengwa ni yeye. Nikakubali. Mdomo wangu nimeufunga. Vidole havikuahidi chochote.

Sasa wewe Masanja, unajijua, na najua binti yako atakusomea haya kwenye simu yake. Mimi nimekufichia lita nzima. Una deni kwangu, tena dogo. Jumapili, kabla hawajafika kwenye jina langu, simama. Sema moshi wa kuni ulikuingia machoni siku ile, hukuona vizuri, unga wa mzee ulijaa. Maneno yenyewe hayajazi kijiko cha chai.

Halafu ukae. Nakuomba, mwenzangu, usisahau.