Mwaridi Mdogo wa Adela

Ijuganyondo, Jumapili, Aprili 1969

Meupe! Maua yamechanua leo na ni meupe, hayana hata chembe ya zambarau.

Mke wangu Adela alipofariki mwaka jana, mwaridi wake ulianza kukauka. Maua yake yalikuwa ya zambarau hafifu, madogo kama vifungo vya shati. Nikaukata karibu na ardhi, kama ninavyokata mbuni uliozeeka ili uchipue upya. Ukachipua kwa nguvu. Balozi wa nyumba kumi aliposema pale papandwe maharage, tuligombana hadi majirani wakatoka.

Leo Paskazia, dada yake Adela, alipitia hapa akitoka kanisani. Aliinama akapapasa shina.

"Shemeji, umekata chini mno. Ule wa zambarau ulikuwa umeungwa juu ya shina la mwaridi wa mwitu, nawe umekata chini ya kiungo. Huu uliobaki ni wa mwitu."

"Mwingine haupo?"

"Ulikuwa huo huo mmoja."

Niliukata mwenyewe, kwa mkono huu ninaoandikia, na panga nililinoa kwanza ili...

Mwaka mzima nimeusalimia mti huu kila asubuhi kabla ya kunywa uji, nikiupa habari za nyumbani. Kumbe maua haya Adela hakuwahi kuyajua.